Tembo Waliotoka Mawinguni

Kisa hiki nimekitunga. Kijiji sikukipa jina na watu wake hawapo duniani, ila nimekiweka upande wa Nyakitonto, wilayani Kasulu, kwa kuwa nchi ile ya Waha ni rahisi kuieleza hata kwa asiyewahi kufika: vilima, mabonde ya migomba, mihogo karibu kila penye nyumba, na mbali kidogo, mashariki, mapori yanayokwenda kuungana na Pori la Akiba la Moyowosi. Sheria nitakazozitaja, na viwango vya pesa, hizo sikuzitunga.

Mahindi yalikuwa yamebeba tayari pale tembo wanne waliposhuka bondeni usiku. Waligusa mashamba matatu. La kwanza lilikuwa la mama mmoja mjane, nusu ekari ya mahindi na maharage kwa pamoja, na migomba michache pembeni. La pili la mwalimu mstaafu, ekari mbili. La tatu lilikuwa la kijana aliyekodi ekari tatu na kulipia kodi ya msimu kwa kuuza baiskeli yake. Kulipokucha hapakuwa na la kuuliza. Nyayo pana kama ungo, mavi yangali mabichi, migomba imepasuliwa na moyo wake kutafunwa, mahindi yameng'olewa na mizizi yake. Mjane alifika ofisi ya kijiji kabla ya saa mbili asubuhi. Mtendaji wa kijiji, kijana msomi aliyepangiwa kazi pale akitokea mkoa mwingine, aliandika jina lake daftarini, akamwambia, "Mama, usiguse kitu mpaka bwana nyama afike." Alifanya inavyopasa. Nalitaja hilo mapema kwa sababu baadaye atafanya mengine, na sitaki msomaji adhani alikuwa mwizi tangu mwanzo. Hata mwisho sina hakika kwamba alikuwa mwizi.

Siku nne baadaye, mchana, ikanyesha mvua ya mawe. Bondeni haikugusa. Ilipiga kilimani ng'ambo ya mto, kitongoji kingine kabisa, kwa muda wa robo saa, na mashamba 38 yakalala chini. Walioipata mvua ya mawe ya nyanda zile wanaijua: maharage hugeuka uji wa majani, mahindi hubaki vijiti, na mwenye shamba husimama mlangoni akisikiliza mabati yakipigwa, hana la kufanya.

Hapo ndipo kijiji kilipogawanyika, ingawa hakuna aliyelitambua hilo siku ile. Waliopigwa na tembo walikuwa na mahali pa kupeleka kilio chao. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, pamoja na kanuni zake za mwaka 2011, iliweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali, na kifuta machozi kwa mtu aliyeuawa au kujeruhiwa. Kanuni zile zilipima kwa umbali. Shamba lililo chini ya nusu kilometa kutoka mpaka wa hifadhi halikulipwa kitu. Kuanzia nusu kilometa hadi kilometa 1, shilingi 25,000 kwa ekari. Kilometa 1 hadi 3, shilingi 50,000. 3 hadi 5, shilingi 75,000. Kupita hapo, shilingi 100,000. Mwisho ni ekari 5, hata kama umelima 20. Familia iliyofiwa ilipewa shilingi milioni 1. Wabunge wamepigia kelele viwango hivyo kwa miaka mingi, na wana haki ya kupiga kelele: ekari nzuri ya mahindi, mwaka wa bei nzuri, ni magunia ambayo 50,000 haiwezi kununua hata mawili au matatu. Sheria yenyewe haisemi kwamba inafidia.

Kupanda kwa kiwango kadiri shamba linavyokuwa mbali kuna mantiki yake. Aliyelima mlangoni pa pori amejitakia, aliye mbali amefuatwa. Ila mantiki hiyo ina mtego, na kijiji chetu kitauingia kwa miguu miwili.

Kwa mvua ya mawe hapakuwa na jedwali lolote. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Maafa, ile ya mwaka 2015 na iliyoichukulia nafasi mwaka 2022. Inaunda kamati za maafa mpaka ngazi ya kijiji na kuiwezesha serikali kupeleka misaada panapotokea janga. Lakini mkulima wa maharage hawezi kuifungua akasoma kwamba ekari yake iliyopigwa na mawe ina thamani ya shilingi kadhaa. Serikali ikitaka hutoa, isipotaka haidaiwi. Baada ya ukame wa mwaka 2008 na 2009 uliomaliza ng'ombe kaskazini, serikali ya Rais Kikwete iligawa mifugo Longido, Monduli na Ngorongoro kwa kaya zilizobaki mikono mitupu. Lilikuwa jambo jema, na lilikuwa hiari. Kinyume chake, Januari 2017 Rais Magufuli alikwenda Kagera, kwa watu walioangushiwa nyumba na tetemeko la Septemba 2016, akawaeleza kwamba serikali haikulileta tetemeko na haitamjengea kila mtu nyumba. Wengi walimwona mkali. Lakini alikuwa ameitamka kwa sauti kanuni ambayo jedwali la tembo linaisema kimyakimya. Wanyamapori nchini ni mali ya umma, wamewekwa kisheria chini ya dhamana ya Rais. Tembo ana mwenyewe, na mwenyewe anaweza kuulizwa. Mawe ya mvua hayana mwenyewe.

Jioni ya siku ya tatu baada ya mvua, mwenyekiti wa kitongoji cha kilimani alimfuata mtendaji nyumbani kwake. Alikuwa mzee anayeheshimika, na shamba lake mwenyewe lilikuwa limelala.

"Mtendaji, mwanangu, nimehesabu. Nyumba 38. Watoto watakula nini mwezi wa sita?"

"Nimeshaandika barua ya maafa, mzee. Nimeipeleka kata."

"Barua ya mawe." Mzee akanyamaza kidogo. "Mawe hayalipwi, mwanangu. Tembo wanalipwa. Na tembo walikuja, si uongo."

"Walikuja bondeni."

"Kwani tembo hana miguu?"

Mtendaji alicheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomponza, kwa maana baada ya kucheka hakuweza tena kukunja uso na kukataa. Usiku huo alichukua karatasi nyingine. Aliandika majina 41, kitongoji cha bondeni na cha kilimani pamoja, chanzo cha uharibifu tembo, tarehe ile ya tembo wa kweli. Kwenye safu ya ukubwa wa shamba alianza kwa kuuliza, akaona kila mtu anataja anavyotaka, mwisho akaandika ekari 5 kwa wote, maana 5 ndiyo kikomo na hakuna atakayelalamika kwamba mwenzake amependelewa. Hata mjane mwenye nusu ekari akawa na 5. Hakuulizwa.

Mkutano wa kijiji ulipitisha orodha bila swali. Kijiji kilikuwa na mazoea na orodha. Miaka ya vocha za pembejeo, kuanzia msimu wa 2008, ambapo serikali ilichangia takriban nusu ya bei ya mbegu na mbolea ya ekari moja, watu wa sehemu nyingi za nchi walijifunza kwamba saini yako kwenye vocha inaweza kuuzwa kwa wakala kwa noti chache, mbolea ikaenda kwingine. Ikaja TASAF na ruzuku zake kwa kaya maskini, na baada ya uhakiki maelfu ya kaya zisizostahili zikafutwa. Mtu aliyekulia katikati ya mambo hayo akisikia neno orodha haoni karatasi ya ushahidi, anaona foleni, na kwenye foleni kinachotakiwa ni kuwemo. Tena hakuna hata mmoja kilimani aliyehisi anaiba. Kila mmoja alikuwa na shamba lililoharibika kweli, na njaa iliyokuwa inamjia ilikuwa ya kweli. Kwao, uongo ulikuwa kwenye neno moja tu la safu ya tatu.

Wasomaji wengine watasema haya ni mambo yetu, ya nchi maskini. Wasiseme. Huko North Carolina, Marekani, mkulima mkubwa wa nyanya alikuwa na bima ya mazao inayoungwa mkono na serikali. Ili aonekane amepigwa na mvua ya mawe, wafanyakazi walimwaga vipande vya barafu shambani, wakazichapa nyanya kwa fimbo, kisha zikapigwa picha. Mwaka 2005 alihukumiwa zaidi ya miaka 6 jela na kuamriwa kurudisha zaidi ya dola milioni 9. Yeye alitengeneza mawe kwa sababu kwao mawe yanalipa. Watu wetu walitengeneza tembo.

Na pengine uongo hauhitaji hata mkulima mwongo, unaandikwa na Bunge lenyewe. Mwaka 2002 Marekani ilianzisha mpango wa kuwalipa wafugaji waliobanwa na ukame. Mwaka uliofuata mpango ukapanuliwa: ilitosha tu eneo la mfugaji liwe limetangazwa kuwa na janga, janga lolote lile. Basi Februari 2003 chombo cha anga cha Columbia kilivunjika angani, vipande vyake vikaangukia Texas, na sehemu zile zikatangazwa kuwa na janga. Gazeti la Washington Post lilieleza mwaka 2006 jinsi wafugaji wa huko walivyopokea pesa zilizoanzishwa kwa ajili ya ukame, kisa chombo cha anga. Ng'ombe wao walikuwa malishoni, wanacheua. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mzee wangu wa kubuni na swali lake la miguu ya tembo. Angeheshimika sana Texas.

Turudi Kasulu. Afisa wanyamapori wa wilaya alichelewa, kama wanavyochelewa wengi wao, gari moja na tarafa nyingi. Alipofika alikuwa na orodha mkononi na alikuwa ameshafanya hesabu njiani. Mashamba 41 mara ekari 5 ni ekari 205. Matatu ya bondeni yalikuwa kama kilometa 2 kutoka mpaka wa hifadhi, kwa hiyo ekari 15 kwa 50,000, jumla 750,000. Yale 38 ya kilimani yalikuwa zaidi ya kilometa 5, kwa hiyo ekari 190 kwa 100,000, jumla milioni 19. Yaani waliopigwa na tembo kweli walikuwa wanaomba kidogo, na waliopigwa na mawe wanaomba mara 25 yake, kwa sababu tembo wao walikuwa wametembea mbali zaidi. Hakuna aliyeipanga hesabu hiyo. Jedwali lilijipangia lenyewe pale lilipopewa uongo.

Hakupanda kilima kwanza. Alikwenda kwa bwana shamba wa kata, akaomba takwimu za msimu, akakuta kitongoji cha kilimani kizima hakikulima hata ekari 120. Kisha ndipo akapanda.

Kazi yake haikuwa ngumu. Tembo hula, mawe hayali. Mahindi ya kilimani yalikuwa yamechanwa majani kwa urefu, mashina yana makovu upande mmoja, ule ulioelekea upepo, na mahindi mabichi yamebaki yananing'inia bila kuliwa. Mihogo ilikuwa imepukutika majani lakini mizizi iko ardhini, hakuna aliyeing'oa. Migomba ilikuwa imesimama na majani yaliyotobokatoboka. Tembo wanne wapite mashamba 38 wasiangushe mgomba hata mmoja? Wavuke mto na vitongoji viwili usiku, mbwa wasibweke? Afisa aliinua macho akatazama paa la kanisa. Mabati yalikuwa na vidonda vidogo vidogo upande wa mashariki wote. Akamwuliza mtendaji, kwa upole, kama tembo walipanda na huko juu pia.

Wapo watakaosema dawa ni kuondoa mtu katikati. Kenya walijaribu. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianza bima ya mifugo kwa wafugaji wa Turkana na Wajir, ambamo hakuna anayekwenda kuhesabu mizoga: setilaiti hupima ukijani wa malisho, ukishuka chini ya kiwango malipo hutoka, ikiwezekana kabla ng'ombe hajafa. Setilaiti haipokei chai. Lakini nayo huona ukijani tu, haijui kama ni nyasi au ni miti ya mathenge, ambayo huwa kijani kibichi ng'ombe wakikonda pembeni yake. Hapa kwetu nako makampuni ya bima yaliungana mwaka 2023 kuanzisha skimu ya bima ya kilimo. Nayaunga mkono yote hayo, kwa sharti dogo: kwa mwenye nusu ekari, mahali fulani katika mnyororo atabaki mtu wa kijijini anayeshika kalamu, na hakuna mtambo utakaomfanya asicheke mzee anapouliza kuhusu miguu ya tembo.

Afisa hakumfunga mtu. Alikuwa mtu wa makamo, ameona mengi. Aliandika chini ya orodha kwamba taarifa haziaminiki, akairudisha yote. Yote, pamoja na mashamba matatu ya bondeni. Alikwenda kuyaona, kweli, lakini wakati huo wiki zilikuwa zimepita. Nyayo zilishafutwa na mvua, mavi yalikuwa yameoza, na yule kijana wa ekari tatu, kwa kukata tamaa, alikuwa ameshafyeka mabaki akapanda viazi. Kilichobaki kuthibitisha mashamba hayo ni karatasi, na karatasi ilisema mjane ana ekari 5. Afisa alipima shamba lake kwa hatua, akafika mwisho haraka sana. Kwake yeye mjane akawa mmoja wao.

Siku ya mkutano wa kijiji uliofuata, mjane alisimama. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo aliificha vizuri. "Mtendaji, mwanangu," alisema, "mimi nilikuja kwako asubuhi ile ile. Uliandika jina langu peke yake. Karatasi ile iko wapi?"

Karatasi ile ilikuwepo. Ilikuwa kwenye daftari, imeandikwa nusu ekari, tarehe na saa. Mtendaji hakuipeleka wilayani kwa sababu isingelingana na orodha kubwa. Hapo ndipo ninapomlaumu, zaidi ya pale alipoandika tembo wa kilimani. Huruma kwa watu 38 naielewa, na sheria inayolipa kwato ikaacha mawe inamtega mtu mwenye huruma kila msimu. Lakini alikuwa na ushahidi safi wa watu watatu mkononi, akauweka kando ili usiuaibishe uongo wa wengi. Barua ya maafa, ile ya mawe, ya kweli, nayo alikuwa ameiondoa kata, maana shamba moja haliwezi kuharibiwa na vitu viwili kwa karatasi mbili. Kwa hiyo kilimani walipoteza hata kile kidogo ambacho kamati ya maafa ingeweza kuwatafutia, mbegu za msimu wa pili labda. Mwalimu mstaafu alijaribu kuandika upya kwa niaba ya wale watatu. Alijibiwa kwa adabu kwamba muda wa kutoa taarifa umepita.

Watu hupenda kusema shida yote ni udogo wa viwango. Vikiongezwa, uongo utakoma. Mimi nina mashaka. Kenya, kwa sheria yao ya wanyamapori ya mwaka 2013, waliahidi shilingi milioni 5 za kwao kwa familia ya aliyeuawa, mara nyingi kupita milioni yetu 1. Ahadi ilikuwa nzuri kiasi kwamba madai yalirundikana hadi mabilioni, na familia zikasubiri miaka. Pesa kubwa bila watu wa kutosha wa kuhakiki hugeuka foleni ndefu, na katika foleni ndefu anayeanza kusukumwa nje ni yule aliyekuja mapema, peke yake, bila orodha.

Mtendaji aliandikiwa barua ya kujieleza, akajieleza, akahamishiwa kata nyingine. Aliyekuja baada yake anaandika kila kitu siku hiyohiyo, mbele ya mashahidi wawili wasio na shamba pale, anapiga picha kwa simu na kuweka kofia yake kando ya unyayo ili ukubwa uonekane. Mwaka uliofuata mawe yalipopiga tena, madogo safari hii, aliandika mawe. Hawakupata kitu. Wapo kilimani wanaomwita asiye na moyo.

Mbegu za msimu wa pili zilitoka kwenye kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Kila aliyeomba alipimiwa debe moja la maharage, kurudisha debe moja na nusu wakati wa mavuno, riba ambayo benki ingeionea aibu. Mweka hazina wao alisoma mpaka darasa la saba na ana mwandiko wa taratibu. Katika daftari lake kila mkopo una safu ya sababu. Ameandika mawe, mawe, mawe, ukurasa mzima na nusu, na katikati ya ukurasa wa kwanza, mbele ya jina la mjane, ameandika tembo, nusu ekari.